Moshi Katika Nyumba ya Eda

Mwezi uliopita tulimzika mama yangu mdogo, Zuhura. Nilikuwa bado nimeketi ndani na wanawake wenzangu nikasikia vurugu na vicheko sebuleni. Kijana mmoja, mjukuu wa shemeji wa marehemu, alikuwa amefika asubuhi ile kwa basi la Dar na kumalizia kwa bodaboda. Alitoa sigara akaiweka mdomoni, hajaiwasha hata. Mwanamke aliyekuwa akipita na sinia la wali akalitua chini, akamnyofoa ile sigara, akamvua na kofia, akatoka navyo nje. "Ukivitaka nifuate, mtani!" Watu wakacheka, ingawa ni msibani. Kijana akaja kunichungulia mlangoni, maana mimi ndiye mtu aliyemfahamu pale. "Bibi, hii sheria ya nani huku kwenu?" Nikamwambia nenda kafuate kofia yako. Sikumwambia zaidi. Sijawahi kuwa mtu wa kusema mbele za watu, na uzee haujanibadilisha. Lakini tangu nirudi Lindi, nikiketi na chai yangu ya mchaichai na redio ya jirani, swali lake limekataa kunitoka.

Mwaka ninaoukumbuka mimi ni ule ambao maneno ya vyama vingi yalianza kufika hata vijijini, na mitumba ikaanza kuning'inia kwenye miti ya barabarani kama matunda. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Kilwa Masoko na nasubiri matokeo. Wenzangu niliokaa nao dawati moja walishatawanyika, huyu Dar kwa kaka yake, yule ameposwa Kivinje, na mimi nilibaki nyumbani nikiandika kwenye kurasa tupu za daftari langu la fizikia kwamba hakuna mtu aliyenijia leo. Niliandika hivyo mara nyingi hata nikaona haya. Ndipo habari ikaja kwamba mume wa mama mdogo Zuhura amefariki kwa homa, huko kijijini kwao, ndani ya bara ya Kilwa, ukiiacha barabara kuu ya Nangurukuru. Baada ya matanga mama akaniambia, "Utabaki na mama yako mdogo mpaka atoke eda. Wewe si msemaji, hutamchosha." Aliyasema kama sifa. Niliyapokea kama sifa pia, ila njia nzima ya kutoka kumsindikiza mama kwenye lori nilikuwa nikiyatafuna.

Nyumba ilikuwa ya udongo na makuti, mbele duka, nyuma vyumba viwili na ua. Marehemu baba mdogo Saidi alilifungua lile duka wakati duka la ushirika lilipobaki rafu tupu na panya, na kwa miaka michache ndilo lililokuwa taa ya kijiji: sukari, mafuta ya taa, sabuni ya mche, sigara moja moja. Sasa mdogo wake, Mfaume, ndiye aliyesimama nyuma ya meza. Mama mdogo alikaa chumba cha pili, nyuma ya pazia, na nguo yake nyeupe isiyo na pambo, bila manukato, bila kioo, kama dini inavyomtaka mjane kwa miezi minne na siku kumi. Hakutoka nje ya nyumba. Aliletewa maji ya kuoga na mimi, aliletewa uji na mimi, na akitaka kujua kama korosho za jirani zimeanikwa, niliyekwenda kutazama ni mimi. Jambo moja la nyumba ile ndilo lililotutawala: kuta za ndani hazikufika paani. Ziliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, na kutoka hapo hadi kwenye makuti palikuwa wazi, hewa ipite. Basi kila kilichokuwa dukani kilipita juu na kutushukia.

Kwanza zilitushukia sauti. Dukani palikuwa na benchi refu, na juu yake, kuanzia alasiri, waliketi wanaume wa kijiji, mkubwa wao Mzee Chande, mtu mnene mwenye kofia ya kazi ya nyuzi ambayo sikupata kuiona kwa macho mpaka siku nitakayoieleza, ila niliijua kwa kuwa aliitaja kila mara. "Naapa kwa kofia hii!" Waliwasha redio, wakabishana na mtangazaji. Mmoja aliuliza chama kingine kikija, wazee wa kijiji watakuwa wawili wawili? Mzee Chande akasema kila kitu siku hizi ruksa, hata mkewe amemwambia ruksa kujipikia. Walicheka mpaka makopo yakatikisika. Mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka upande wangu wa ukuta nikicheka kwa kuziba mdomo na kanga. Nitasema ukweli, hao ndio waliokuwa marafiki zangu mwaka ule. Hawakunijua, lakini niliwajua mmoja mmoja, nani anaanza kikohozi kabla ya uongo, nani anarudia mzaha wa jana. Mama mdogo alikuwa mtu wa maneno machache kama mimi, na huzuni ilimpunguzia hata hayo machache. Bila wale wa benchini siku zangu zingekuwa shimo.

Kisha ukatushukia moshi. Walivuta sigara za dukani, na wasiokuwa nazo walisokota tumbaku ya shambani kwenye kipande cha gazeti, na ule wa gazeti ndio uliokuwa mzito kuliko wote. Ulipanda, ukafika kwenye makuti, ukakosa njia, ukamwagika upande wetu kama maziwa yanayofurika sufuriani. Mama mdogo alikuwa na pumu tangu utotoni. Marehemu mumewe hakuvuta, na alipokuwa hai watu walivuta barazani kwa kumuogopa. Mfaume hakuwa na sauti hiyo. Hakuwa mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Kila alipopata ng'onda, samaki mkavu, mzuri alimletea shemeji yake kwanza, akimpitishia chini ya pazia huku ameangalia pembeni. Lakini alikuwa kijana, wateja wake ni wazee, na kiongozi wao alikuwa rika la baba yake. Angemwambiaje mtu kama huyo atoke?

Basi mama mdogo akikohoa, dukani wote kwa pamoja walinyamaza na kusema, "Pole, Bi Zuhura!" Kwa adabu kabisa, kwa huruma kabisa. Halafu waliendelea kuvuta. Akikohoa tena, "Pole sana!" Na kwa kuwa mjane hapendi sauti yake izagae kwa wanaume, ilinibidi mimi nijibu kwa niaba yake, "Ameshapoa," jambo lililonitoa jasho kila mara. Baada ya wiki chache alianza kuona haya kuwasumbua. Aliukunja upindo wa shuka akajiziba mdomoni, akakohoa ndani kwa ndani, mabega yakiruka, mishipa ya shingo imemtoka, bila sauti. Siku moja nikamsikia Mfaume akiwaambia wenzake kwa furaha, "Alhamdulillahi, shemeji kapata nafuu. Siku hizi hakohoi." Nikamtazama mama mdogo. Machozi yalikuwa yakimtiririka kwa kukosa pumzi, na akanitikisia kichwa: nyamaza.

Matokeo ya mtihani nayo yalikuja kwa njia hiyo hiyo, juu ya ukuta. Dereva wa lori aliyetoka Masoko alinunua sigara, akaketi, akasema, "Mna mtoto wenu humu alisoma kule? Somoe? Basi nimeambiwa hakuna kitu. Daraja la nne la mwisho." Nadhani mmoja alinyoosha kidole kwenye ukuta. Ndipo nikasikia, sauti zote pamoja, "Pole, Somoe!" Sikujibu. Mama mdogo ndiye aliyejibu siku hiyo, mara ya pekee kunyanyua sauti yake, "Ameshapoa." Kisha akaikamata mikono yangu akaikandakanda kama mtu anayekanda unga, na moshi ukaendelea kutushukia.

Masika yalipokaribia alizidiwa. Ilikuwa mchana, watu benchini wamejaa, na mimi narudi kutoka uani na bakuli la kisamvu. Nikamkuta ameinama amekumbatia magoti, midomo imegeuka rangi ya majivu. Nilikimbia zahanati bila viatu. Sista Veneranda, muuguzi wetu, Mmakonde mrefu aliyetembea kama anayechelewa, alimchoma sindano, akakaa naye mpaka kifua kikatulia. Kisha akanusa. Akainua macho akautazama ukuta unapoishia. "Bi Zuhura," akasema, "mimi Mkristo, sijui mambo yenu ya eda, lakini najua kifua. Njoo ulale kwangu zahanati. Nilishamuuliza mwalimu wenu wa chuo cha Kurani, anasema mgonjwa ana ruhusa." Mama mdogo akatabasamu. Akasema kwa vipande vipande, akivuta pumzi katikati, "Nyumba hii... Saidi ameijenga... anikalishe. Nikitoka mimi... ndani atabaki nani? Moshi?" Sista hakubisha. Lakini mlangoni aliniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Akipata tena kama hii, na sindano nimeishiwa, hatutamuwahi. Unanielewa?" Nilielewa. Tangu saa ile sikulala vizuri, na dukani walipocheka sikucheka tena.

Sista alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na mkutano ukaitwa ofisini. Nilimbebea mkoba, nikasimama dirishani. Ofisi ilijaa, na kwa kuwa ilijaa ilijaa moshi. Sista alieleza habari ya vifua, ya wajawazito na watoto wanaosubiri zahanati kwenye benchi moja na wavutaji. Watu walitikisa vichwa kwa masikitiko. Mwenyekiti akatangaza kuwa kuanzia leo ni marufuku kuvuta ndani ya zahanati, ofisi na duka, na faini ni kuku mmoja. Wanaokubali? Mikono yote ikanyooka, mingine ikiwa na sigara inayowaka baina ya vidole. Mzee Chande alikuwa wa kwanza kukubali. Alasiri yake akaketi benchini akawasha. Mgambo alitumwa kuja kukamata; alifika mlangoni, akaona aliyeketi mbele ni Mzee Chande, baba mkwe wake, akainamisha macho kama inavyompasa mkwe, akarudi kinyumenyume mpaka barabarani. Nilisikia viatu vyake. "Nani huyo?" akauliza Mzee Chande. "Upepo," akajibu Mfaume, na hakuna aliyecheka, maana wote walimuonea mgambo huruma.

Hapo ndipo kusikiliza kwangu kulipozaa kitu. Katika miezi yote ile nilikuwa nimemsikia Mzee Chande akiapa kwamba haogopi serikali, haogopi simba, haogopi mkewe. Mtu mmoja tu alipotajwa alisema, "Ah, huyo asipite hapa, mtani wangu yule ataniaibisha." Mtu huyo ni Bi Nuru. Ukoo wake na ukoo wa Mzee Chande walikuwa watani tangu babu zao, na kwetu mtani ana ruhusa ambayo mwanao hana, wala mkeo, wala mwenyekiti. Msibani ndiye anayewatukana wafiwa mpaka wacheke, na akichukua kitu chako huwezi kumkasirikia; ukikasirika, aibu ni yako. Mimi nilikuwa sijawahi kwenda nyumba ya mtu kuomba jambo. Nilizunguka kisima mara kadhaa, nikajifanya nimesahau ndoo, nikarudi, nikaenda tena. Nilimkuta anakaanga korosho nje juu ya bati, macho mekundu, msokoto wa tumbaku mdomoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sema, mwanangu. Na useme kwa sauti, minong'ono mimi siisikii."

Nikasema. Nilisema yote, hata ile ya kukohoa ndani ya shuka. Bi Nuru akautoa msokoto mdomoni akautazama kama kitu alichookota. "Mimi mwenyewe navuta, unaniona. Lakini nyumba ya eda? Mwenzio hawezi kutoka, wewe unaweza kutoka, halafu unamvutia ndani?" Akageuza korosho zake kwa nguvu. "Na wewe, yule mama yako mwambie hivi: aache kuficha kikohozi. Akohoe kama mtu. Kesho nakuja."

Alikuja alasiri na wanawake wawili. Mimi nilikuwa upande wa ndani, nimekaa na mama mdogo, na nilisogeza pazia kidogo. "Sipigi hodi, nyumba ya msiba haina hodi!" akaingia. "Chande! Saidi kafa, hujashiba, sasa unamkausha na mkewe kama papa?"

"Mtani wangu," akasema Mzee Chande, na niliona anasogea benchini, "umetokea wapi na mapepo yako? Siku hizi ruksa, hujasikia?"

"Ruksa ya nani? Ruksa ya kuua mjane?" Akamnyang'anya sigara. Kisha akamvua ile kofia. Kichwa kilikuwa kipara, kinang'aa. Wanaume walianguka kwa kicheko. Bi Nuru akatoka nayo nje, akaiweka chini kando ya barabara, akaikalia. "Kaniletee mgambo! Kaniletee kuku wa faini! Kofia unaifuata huku." Mzee wa heshima haketi kichwa wazi mbele ya watu. Alitoka, na wengine wakatoka kumtazama akitoka, na duka likabaki na Mfaume peke yake na makopo yake.

Ndipo mama mdogo akakohoa. Nilikuwa nimempa ule ujumbe, naye alinitazama muda mrefu, akaiachia shuka. Alikohoa kwa sauti yake yote, kikohozi kirefu kinachokwaruza, kinachotafuta mahali pa kushika na kukosa. Nje wakaanza, "Po..." na Bi Nuru akawakata. "Nani kasema pole? Hebu rudia nimsikie! Pole zenu ndizo zimemfundisha kukohoa kimya kimya. Huyu mtoto kaniambia, mwanamke anajiziba na shuka ili nyie msipate taabu ya kusema pole." Kikohozi kikaendelea, na watu wazima wale walikisikiliza mpaka mwisho, wamesimama juani. Halafu nikasikia sauti ya Mzee Chande, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Mfaume. Litoe hilo benchi."

Haikuisha siku moja. Mfaume alilalamika kwamba masika yakija watu watahamia duka jingine la kijijini, na kweli wawili walihama. Sista Veneranda akaitisha mkutano mwingine, safari hii uwanjani, na mwenyekiti akasema faini ya kuku imetushinda, kazi tuwape watani. Kila ukoo una mtani wake, hivyo hapakuwa na mkubwa asiye na wa kumvua kofia. Walikata boriti, wakapandisha kibanda cha makuti upande wa pili wa barabara kabla mvua haijakaza, cha kuvutia na kubishania. Na kwa kuwa utani unakwenda njia zote mbili, Mzee Chande alianza kupita mbele ya zahanati na ofisi akichungulia, akiomba Mungu amkamate Bi Nuru na msokoto ndani ya nyumba yoyote ile. Siku aliyomkuta anavuta jikoni kwake mwenyewe, alimnyang'anya kanga akakimbia nayo kijiji kizima. Nadhani hilo ndilo lililofanya jambo lidumu.

Mimi sikusikia mengi ya hayo. Kibanda kilikuwa mbali. Redio ilihama, ubishi ukahama, na juu ya ukuta ikawa inapita hewa tu, hewa yenye harufu ya mvua na udongo. Nilikuwa nimeyataka haya, nimeyaendea kwa miguu yangu, na sasa yalipokuja nililala kwenye mkeka wangu alasiri nzima nikitega masikio kwa watu ambao hawakujua kwamba wameniacha. Mara nyingine upepo ulileta kicheko, bila maneno yake, na hicho kilikuwa kibaya kuliko ukimya. Matokeo yangu nilikuwa nayo, wenzangu sikuwa nao, na hata marafiki wa uongo walikuwa wameondoka. Niliandika kwenye daftari: leo kimya. Kesho yake sikuandika.

Mama mdogo alikuwa ameanza kulala chali, jambo ambalo sikuwahi kumuona analifanya. Alasiri moja nilidhani amesinzia. Mvua ilikuwa imetulia. Akasema, macho yake juu kwenye makuti, "Somoe. Nyumba imekuwa kubwa. Zungumza basi."

"Nizungumze nini, mama?"

"Chochote. Walikuwa wakisema nini wale, siku ile ya vyama? Sikusikia vizuri, nilikuwa na kifua."

Nikakaa. Nikaona haya, ingawa tulikuwa wawili tu. Kisha nikakohoa kidogo kama anavyokohoa Mzee Chande kabla ya uongo, nikaipandisha sauti yangu kifuani, nikasema, "Naapa kwa kofia hii..." Mama mdogo akageuza kichwa. Nikamfanya Mzee Chande na mkewe, nikamfanya Mfaume, nikamfanya yule aliyeuliza kama wazee watakuwa wawili wawili, sauti moja baada ya nyingine, zote zilitoka, sikujua kwamba nilikuwa nazo. Alianza kucheka taratibu, kisha akacheka kwa nguvu, ameshika tumbo, na mimi nikakatiza katikati ya neno, nimeshanyoosha mkono kuchukua shuka, nikisubiri kikohozi ambacho siku zote kilifuata kicheko chake.

Hakikuja. Alikuwa akinitazama, anapumua.

"Endelea," akasema.